Gari la Mazao Linakula Mafuta? Pima Sensa ya Joto Kabla Hujanunua Kifaa Chochote

Leo tunaweka pembeni kantangaze na mnyauko, tunafungua boneti.

Najua wapo watakaosema afisa ugani na injini wapi na wapi. Jibu langu ni fupi. Vijana wengi ninaowatembelea sasa hivi wana kigari cha kubebea tenga: Townace, Liteace, Noah iliyotolewa viti vya nyuma, au Corolla ya miaka ya 90 ambayo imeshapita mikononi mwa watu watano. Unalima vizuri, unapuliza kwa wakati, unavuna, halafu faida yote inaishia kwenye tanki la petroli. Tuchukue mfano. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita moja limeshuka mpaka 7. Safari ya kilomita 100 kwenda na kurudi sokoni ilikuwa inakula lita 10, sasa inakula lita 14 na kidogo. Ukienda sokoni mara nne kwa wiki, umeshamwaga lita 17 ambazo hazikubeba hata nyanya moja. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pampu ya kwenu.

Ulaji wa mafuta una sababu nyingi, lakini ipo moja ambayo mafundi wengi wa vijijini huiruka kwa sababu kifaa chenyewe ni kidogo kama kidole gumba na hakipigi kelele: sensa ya joto la maji ya injini. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipima mwenyewe nyumbani, kwa mita ya kawaida ya fundi umeme na sufuria ya maji ya moto.

Sensa ni mbili, usizichanganye

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Kwenye magari mengi ya zamani, hasa Toyota zenye injekta, karibu na mahali mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini utaona vifaa viwili vilivyofungwa kama nati. Kimoja kina waya mmoja. Hicho ni cha geji, kazi yake ni kuusogeza mshale pale mbele ya dereva, basi. Kingine kina waya mbili na plagi ya plastiki. Hicho ndicho kinachoiambia kompyuta ya gari injini ina joto kiasi gani, na kompyuta inaamua imwage petroli kiasi gani.

Kwa hiyo geji inaweza kukaa katikati vizuri kabisa huku kompyuta inadanganywa. Na geji inaweza kufa kabisa huku gari linatembea vizuri na halili mafuta. Mtu akikwambia "geji yako iko sawa, kwa hiyo sensa nzima", ujue bado hajaitazama sensa ya pili.

Baadhi ya magari yana na ya tatu, swichi ya feni ya umeme, mara nyingi iko chini kwenye rejeta. Kwenye Toyota nyingi za zamani ukiichomoa plagi ya swichi hiyo huku funguo iko ON, feni inazunguka yenyewe. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na mota ya feni kabla ya kuilaumu swichi. Tusiende mbali zaidi huko, leo tuko na ile ya waya mbili.

Wenye dizeli za zamani kama Hilux zenye pampu ya mitambo, somo la ulaji wa mafuta haliwahusu sana. Kwenu sensa haiongozi mafuta. Mnaweza kurukia sehemu ya geji.

Inavyofanya kazi

Ndani ya sensa kuna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Maji yakiwa baridi, ukinzani ni mkubwa. Maji yakichemka, ukinzani ni mdogo sana. Kompyuta inatuma umeme wa volti 5 na kuangalia umebaki kiasi gani. Umebaki mwingi, inasema "injini ya baridi, ongeza petroli", kazi ileile ya choki kwenye kabureta. Umebaki kidogo, inasema "imeshapata moto, punguza".

Hizi ndizo namba za Toyota nyingi za petroli za miaka hiyo. Ziandike kwenye daftari la shamba au zipige picha:

Nyuzi 0: kilo-omu 4 hadi 7
Nyuzi 20: kilo-omu 2 hadi 3
Nyuzi 40: kilo-omu 0.9 hadi 1.3
Nyuzi 60: kilo-omu 0.4 hadi 0.7
Nyuzi 80: kilo-omu 0.2 hadi 0.4

Nissan, Mitsubishi na Suzuki hawapo mbali sana na hapo, ila wewe tumia namba za kitabu cha gari lako kama unacho.

Sasa angalia jambo linalowachanganya hata mafundi. Tuseme waya umekatika kabisa. Ukinzani unakuwa hauna mwisho, na kompyuta inaona kitu kisichowezekana, kama vile injini imelala kwenye barafu. Kompyuta ya Toyota si mjinga. Inawasha taa ya injini, inaitupa taarifa ya sensa, na inajiwekea yenyewe kwamba maji yana nyuzi 80. Matokeo yake mchana gari linatembea vizuri, lakini asubuhi ya Njombe au Makete, injini ya baridi kweli, inakataa kuwaka kwa sababu kompyuta inadhani ni ya moto na haiongezi petroli. Ukikanyaga mafuta kidogo inashika, ukiachia inazima. Ikishapata moto, hamna shida tena.

Tatizo baya zaidi ni pale sensa haijafa ila inadanganya. Tuseme injini iko nyuzi 80, sensa yenyewe ina kilo-omu 0.3, lakini kwenye plagi kuna kutu ya kijani iliyoongeza kilo-omu 1.5. Kompyuta inasoma 1.8. Hiyo kwake ni maji ya vuguvugu ya nyuzi kama 27. Ni taarifa inayowezekana kabisa, kwa hiyo haiwashi taa yoyote. Inaendelea kumwaga petroli ya injini ya baridi kutoka shambani mpaka sokoni, na kurudi. Ndiyo maana "taa haijawaka" si ushahidi kwamba sensa ni nzima.

Dalili

Sensa inayodanganya kuelekea baridi: moshi mweusi, harufu ya petroli kwenye ekzosi, plagi zikifunguliwa ni nyeusi za masizi makavu, sailensa inapanda au inayumba gari likiwa la moto. Na ile dalili ambayo mimi naiamini kuliko zote: asubuhi linawaka kwa mguso mmoja, lakini ukizima sokoni dakika kumi kupakua tenga, linasumbua kuwaka.

Inayodanganya kuelekea moto ni kinyume chake. Asubuhi shida, mchana raha.

Lakini dalili peke yake haitoshi. Jani kuwa la njano linaweza kuwa ukosefu wa naitrojeni, maji yaliyotuama au minyoo fundo, na wewe hupulizi dawa tatu kwa pamoja ukisubiri ipi itapata. Moshi mweusi pia unaletwa na kichungio cha hewa kilichojaa vumbi (kwa barabara zetu anza nacho, bure kabisa), injekta inayovuja, sensa ya ekzosi iliyokufa, au mpira mwembamba wa upepo uliopasuka kwenye injini zinazopima hewa kwa mgandamizo.

Na lipo jambo moja la kwetu: themostati iliyotolewa. Gari likichemsha mara moja, fundi anaitoa na kuitupa, anasema nchi yetu ya joto haihitaji. Si kweli. Bila themostati, ukiwa kwenye baridi ya nyanda za juu au ukishuka mlima mrefu, injini haifiki joto lake la kazi. Sensa inasema ukweli kwamba maji ni ya baridi, kompyuta inaongeza petroli kama inavyotakiwa, na wewe unabadilisha sensa tatu bila mafanikio. Kuigundua ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa na themostati nzima, mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla inapofunguka, kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiona mpira unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi. Rudisha hiyo kwanza, ndipo tuongee habari za sensa.

Kipimo cha asubuhi

Hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji kufungua kitu. Gari limelala usiku mzima, hivyo maji ya injini yana joto sawa na hewa. Kabla hujawasha, funguo ikiwa imezimwa, chomoa plagi ya sensa ya waya mbili. Usivute waya, bonyeza kishikio na vuta plastiki. Weka mita kwenye ukinzani, kipimo cha 20k, gusa miguu miwili ya sensa yenyewe.

Kama asubuhi hiyo hewa ina nyuzi 20, tarajia kati ya 2 na 3. Kwa wale wa Makambako na Njombe mwezi wa saba, hewa ikiwa nyuzi 10, namba kati ya 3 na 5 ni sawa. Dar au Kilombero kwenye nyuzi 28 hivi, utaona chini ya 2, na ni sawa pia. Ukiona mita inaandika 1 upande wa kushoto au OL, sensa imekatika ndani. Ukiona sifuri au karibu na sifuri, imeungana ndani.

Chomeka, washa, tembea mpaka injini ipate moto, zima, pima tena. Safari hii kati ya 0.2 na 0.4. Kuwa mwangalifu na feni na mikono yako.

Rafiki yangu, usiishie kwenye kipimo cha baridi. Zipo sensa zinazosoma vizuri asubuhi na kupotea zikipata moto. Vipimo ni viwili.

Kipimo cha plagi, ambacho wengi hawakifanyi

Kijana mmoja wa Ilula, mlimaji wa nyanya na vitunguu, alikuwa na Townace iliyokuwa inakunywa petroli kama pampu ya umwagiliaji. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi za moto. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu akamwambia kompyuta imekufa, atafute nyingine ya mtumba. Alikuwa anafikiria kuuza mabomba ya matone ya robo eka ili apate hela ya hiyo kompyuta. Mimi nilikuwa nimeenda kwake kuangalia kitalu, nikamsikia anaongea na simu kuhusu bei ya mabomba, ndipo nikauliza kulikoni.

Tulipima sensa ikiwa baridi: 2.4. Nzuri. Tukaizungusha gari mpaka barabara kuu na kurudi, tukapima ya moto: 0.31. Nzuri kabisa. Mtu wa haraka angesema sensa nzima, endelea na kompyuta. Lakini tulikuwa tumepima sensa tu, hatukupima kile ambacho kompyuta inakiona.

Kwa hiyo tukarudisha plagi mahali pake, tukachukua pini mbili nyembamba za kushonea, tukaziingiza taratibu kwa nyuma ya plagi kufuata waya mpaka ziguse chuma. Usitoboe waya, ukitoboa unakaribisha maji na kutu. Funguo ON, injini ya moto, mita kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Kwa injini ya nyuzi 80, Toyota inataka kati ya volti 0.1 na 1.0. Sisi tulipata 2 na ushee.

Sensa nzuri, volti mbaya. Maana yake ukinzani wa ziada uko katikati, kwenye mgusano wa plagi. Tulipochomoa na kuangalia kwa tochi ya simu, miguu ilikuwa ya kijani. Gari lilikuwa linaoshwa na pampu ileile ya kupulizia dawa, maji ya shinikizo mpaka ndani ya boneti, na kama bomba halikusafishwa vizuri, huenda na mabaki ya kopa yalikuwemo. Tulisugua kwa brashi ya meno na spiriti, tukabana kidogo vishikio vya plagi kwa sindano ili vishike, tukarudisha. Volti ikashuka hadi 0.6. Mabomba ya matone bado yako shambani.

Sipendi kulaumu mafundi, wengi wanafanya kazi katika mazingira magumu. Ila fundi anayebadilisha kifaa cha tatu bila kugusa mita, huyo anakisia kwa hela yako.

Kipimo kingine cha waya: chomoa plagi, funguo ON, pima kati ya mashimo mawili ya plagi ya upande wa gari. Unatakiwa upate karibu volti 5. Hakuna kitu? Waya umekatika njiani, au kompyuta haitoi umeme. Kabla hujaituhumu kompyuta, fuata waya kwa macho na vidole mpaka mwisho. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi lina panya, na panya wanapenda sana hayo maganda ya waya. Nimeona waya tano zimekatwa sehemu moja utadhani kwa mkasi.

Hila ya rizista

Kama bado una wasiwasi, nenda kwa fundi redio, omba rizista moja ya omu 330. Ina rangi ya machungwa, machungwa, halafu kahawia. Bei yake ni ndogo sana, wengine watakupa bure. Ukinzani huo ni sawa na maji ya nyuzi 80 hivi.

Pasha injini moto kweli, zima, chomoa plagi ya sensa, ingiza miguu ya rizista kwenye mashimo mawili ya plagi bila kulazimisha. Washa. Kama sailensa imetulia na moshi umepungua, mkosaji ni sensa au mgusano wake. Kama hakuna kilichobadilika, sensa haina kesi, tafuta kwingine.

Ukimaliza, toa. Wapo wanaoiacha humo moja kwa moja na kuiita matengenezo. Kompyuta itaamini injini ina nyuzi 80 maisha yote, asubuhi haitawaka, na hutajua kamwe nini kinaendelea.

Kusoma taa bila mashine

Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko. Fungua, tafuta matundu mawili, TE1 na E1, yameandikwa kwa ndani ya kifuniko. Injini imezimwa, unganisha matundu hayo kwa kipande cha waya, kisha weka funguo ON bila kuwasha. Taa ya injini itaanza kumeta. Ikimeta mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika, ikameta mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji, waya umekatika au umegusana. Hesabu mara mbili au tatu uhakikishe. Chunga usiunganishe matundu mengine.

Lakini kumbuka nilichosema juu. Kutokuwepo kwa 22 hakumaanishi kitu kwa sensa inayodanganya kidogo kidogo.

Sufuria

Kama sensa umeshaifungua, au umeuziwa ya mtumba, ichemshe. Ining'inize kwa uzi ili ncha ya shaba iingie kwenye maji bila kugusa chini ya sufuria, plagi ibaki juu ikiwa kavu. Unganisha mita, washa jiko, angalia namba ikishuka. Inatakiwa ishuke taratibu bila kuruka. Ikirukaruka, au ikasimama mahali kisha ikashuka ghafla, hiyo ni ya kutupa.

Maji yakichemka usiandike nyuzi 100 moja kwa moja. Pwani ndiyo 100. Ukiwa Njombe, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Kwa sensa ya Toyota, kwenye maji yanayochemka utaona karibu 0.2 popote ulipo, kwa hiyo tofauti haitakusumbua, ila ni vizuri kujua unapima nini.

Geji

Sasa turudi kwa kile cha waya mmoja. Mshale haupandi kabisa hata baada ya safari? Chomoa waya wake. Funguo ON. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya gari, ile ya taa ya dashibodi, ili usiunguze geji. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, sensa imekufa. Usipopanda, tatizo ni waya, geji yenyewe, au umeme wa dashibodi. Kama na geji ya mafuta nayo inasoma uongo wakati huohuo, angalia umeme wa dashibodi kwanza, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani geji hizo mbili zinashirikiana.

Mshale umelala kwenye moto muda wote hata injini ya baridi? Chomoa waya. Ukishuka, sensa imeungana. Ukibaki juu, waya umechubuka na kugusa chuma.

Angalizo: sensa hii ya waya mmoja inapata hasi yake kupitia nyuzi za nati. Fundi akiizungushia utepe mweupe wa mabomba mara kumi, ameikata kwenye injini, na geji itasoma chini hata kama sensa ni mpya. Mzunguko mmoja, tena mwembamba, au usiweke kabisa kama ina washa yake.

Hapa usicheze

Mshale ukipanda kwenye nyekundu njiani, usianze kuwaza "ni sensa tu". Simama. Zima. Kipimo cha sensa kinafanyika gari likiwa limepoa, si ukiwa na tenga 60 mlimani na mteja anapiga simu. Sensa mbovu unaibadilisha kwa hela ya tenga chache. Silinda hedi iliyopinda inaweza kula msimu mzima.

Na kuna hali mbaya zaidi ambayo madereva wapya wanaifurahia badala ya kuiogopa. Unapanda Kitonga na mzigo, mshale ulikuwa umeanza kupanda, ghafla unashuka mpaka baridi. Unasema afadhali, imepoa. Haijapoa. Maji yamekwisha, sensa sasa inaning'inia kwenye mvuke na hewa badala ya maji, haina cha kupima. Injini inaungua na geji inakuambia uongo kwa nia njema. Dalili ya kuthibitisha ni hita: ukifungua hita ya ndani na inatoa hewa baridi wakati injini imefanya kazi, hakuna maji. Simama hapohapo. Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto hata kama una haraka namna gani. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukilegeza kifuniko tu yanakuruka usoni. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono na kuubonyeza.

Kununua na kufunga

Nenda dukani na mita yako. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwangalie vizuri. Pima sensa kabla ya kulipa: duka la joto la nyuzi 30, namba iwe kati ya 1.4 na 2 hivi. Halafu ifumbate mkononi dakika moja huku mita imeunganishwa. Namba inatakiwa ishuke polepole. Isiposhuka, mrudishie. Sensa feki ni nyingi, na boksi zuri halipimi joto. Ya mtumba iliyofaulu sufuria ni bora kuliko mpya isiyojulikana, huo ni mtazamo wangu.

Kufunga: injini ya baridi, punguza maji ya rejeta kidogo ili yasimwagike yote, fungua kwa spana, mara nyingi ya 19 yenye shingo ndefu. Sensa ni ya shaba, usiikaze kwa hasira. Weka washa mpya. Kama shimo limejaa kutu nyekundu na magadi, hapo umepata jibu la kwa nini ya kwanza ilikufa: maji ya kisima bila kulanti. Ganda hilo linaifunika ncha ya sensa kama blanketi. Safisha mfumo, jaza kulanti iliyochanganywa kama ilivyoandikwa kwenye dumu.

Ukijaza, paki pua ya gari ielekee juu kidogo, fungua hita kwenye moto, acha injini itembee bila kifuniko tangu ikiwa baridi mpaka mapovu yaishe, huku unaongeza maji. Hewa ikibaki kwenye kichwa cha injini itakaa palepale kwenye sensa na utarudi mwanzo. Halafu toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau makosa ya zamani, irudishe.

Jaza tanki mpaka pampu ijikate, andika kilomita. Baada ya safari tatu za soko jaza tena kwenye kituo kilekile, gawanya kilomita kwa lita. Namba ikiwa imerudi kwenye 9 au 10, funga boneti. Ikiwa bado 7, anza na themostati kisha sensa ya ekzosi, na mita usiirudishe kwenye boksi.